Waya wa 2.5 au wa 4? Breka ya 20 au ya 32? Kuoanisha mzigo, breka na waya

Nenda duka lolote la vifaa vya umeme useme unataka waya wa soketi: roli la mbili na nusu, yaani milimita za mraba 2.5 za shaba, litakuwa mezani kabla hujamaliza kusema. Uliza breka ya soketi, utapewa ya ampea 32. Vifaa vyote viwili ni vizuri. Ubaya unakuja ukivifunga pamoja kwenye saketi ya kawaida (njia moja ya umeme yenye breka yake), kwa sababu waya wa 2.5 uliopita kwenye bomba ukutani unabeba ampea 24, na breka ya 32 itaziachia ampea 30 zipite usiku kucha bila kushtuka. Breka haijui kwamba waya umepata joto. Yenyewe inapima ampea tu, na kwa hesabu yake mambo ni shwari.

Kuoanisha kuna mpangilio wake, nao haugeuzwi. Unaanza na mzigo: ampea ngapi zitavutwa. Inafuata breka: namba yake iwe sawa na mzigo au izidi kidogo. Mwisho ni waya: uwezo wake, pale pale ulipolazwa, uwe sawa na namba ya breka au zaidi. Anayenunua waya kwanza, halafu akatafuta breka "inayovumilia", ndiye anayeishia na 32 juu ya 2.5. Na breka ipo kwa ajili ya waya. Haikuwekwa kulinda televisheni wala friji. Kifaa kinaweza kuungua chote huku breka imesimama pale pale, na itakuwa haijakosea kitu.

Ampea za kifaa cha kupasha joto hupatikana kwa kugawa wati kwa volti. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, Kenya 240. Birika la wati 2,200 linavuta ampea 9.6 kwenye 230, pasi ya wati 1,200 inavuta 5.2. Mota zina hesabu yake, nitazifikia kwenye pampu.

Kuna jambo moja kuhusu breka ambalo wengi hawaambiwi. Namba iliyoandikwa usoni si kikomo ambacho ikivukwa tu umeme unakatika. Kwa breka za nyumbani za kiwango cha IEC 60898, mzigo ukiwa mara 1.13 ya namba hiyo breka inatakiwa isikate hata baada ya saa nzima. Ukifika mara 1.45 ndipo inalazimika kukata, tena ndani ya saa moja. Breka ya 20 kwa hiyo inaweza kupitisha ampea 22 siku nzima, na 29 kwa muda unaokaribia saa. Ya 32 inaweza kupitisha 46 kwa muda kama huo. Rudi sasa kwenye waya wa 2.5 wenye uwezo wa 24, ufikirie hizo 46 zikipita humo wakati familia nzima imewasha kila kitu.

Jedwali la kuanzia

Namba hizi ni za waya wa shaba wenye ganda la kawaida la PVC, linalovumilia joto la nyuzi 70, ukiwa ndani ya bomba, umeme wa fezi moja. Msingi wake ni kanuni za Uingereza, BS 7671. Safu za nyuzi 40 nimezipata kwa kupunguza kama kanuni zinavyotaka.

| Waya | Peke yake bombani, joto 30 | Peke yake bombani, joto 40 | Saketi 3 bomba moja, joto 40 | Volti zinazopotea, ampea 10 kwa mita 10 |
|---|---|---|---|---|
| 1.5 | 17.5 A | 15.2 A | 10.7 A | 2.9 |
| 2.5 | 24 A | 20.9 A | 14.6 A | 1.8 |
| 4 | 32 A | 27.8 A | 19.5 A | 1.1 |
| 6 | 41 A | 35.7 A | 25 A | 0.73 |
| 10 | 57 A | 49.6 A | 34.7 A | 0.44 |
| 16 | 76 A | 66.1 A | 46.3 A | 0.28 |

Safu ya joto 30 ndiyo inayonukuliwa kila mahali, na ndiyo inayodanganya watu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja. Nyumba nyingi bomba zake zinapita darini, chini ya mabati, na saa nane mchana mwezi wa pili huko juu ni tanuri. Kwa nyumba ya namna hiyo soma safu ya 40, na hata hiyo si ya woga. Wa Njombe au Limuru mwenye bomba zilizozama ukutani anaweza kukaa na safu ya 30 kwa amani.

Safu ya saketi tatu ndiyo inayowashangaza mafundi wenyewe. Nyaya zilizobanana bomba moja zinapashana joto, na 2.5 inashuka mpaka 14.6, maana yake hata breka ya 16 haiistahili. Habari njema ni kwamba punguzo hili ni la saketi zinazofanya kazi kweli. Saketi inayobeba chini ya asilimia 30 ya uwezo wake uliopunguzwa haihesabiwi katika kundi, na saketi za taa za siku hizi karibu zote ziko humo. Basi usiogope kupitisha taa na soketi pamoja. Ogopa kupitisha jiko, hita na soketi za jikoni pamoja kwa sababu tu bomba lilikuwa na nafasi.

Wale wanaojifunzia kwenye video za Marekani wawe macho. Kule waya wa namba 12 wanaoufunga kwenye breka ya 20 una milimita 3.3 za mraba, na soketi zao ni za volti 120. Jozi yao haihamishiki kwetu kwa kunakili.

Taa: 1.5 inatosha

Balbu ishirini za LED za wati 9 ni wati 180, haifiki ampea moja. Waya wa 1.5 na breka ya 6 au ya 10 ni jozi isiyo na mjadala. Hata kwenye safu mbaya kabisa ya jedwali 1.5 bado inabeba 10.7. Kuweka 2.5 kwenye taa ni kuzika hela ukutani, isipokuwa unajua fika kwamba kesho mtu atachomoa soketi kutoka kwenye swichi ya taa. Na akifanya hivyo, breka ya 10 itamkatia akichomeka pasi na birika pamoja. Ndivyo inavyotakiwa.

Soketi: njia tatu, na ninayoipendelea

Njia ya kwanza ni tawi: waya wa 2.5 unatoka kwenye DB, yaani kisanduku cha breka, unapita soketi moja baada ya nyingine, unaishia ya mwisho. Breka yake ni 20. Hata darini kwenye joto la 40 waya unabeba 20.9, jozi inasimama.

Njia ya pili ni pete. Waya ule ule wa 2.5 unatoka kwenye breka, unazunguka soketi zote, unarudi kwenye breka ile ile. Umeme unaifikia kila soketi kwa njia mbili, mzigo unagawanyika, na ndiyo maana pete peke yake inaruhusiwa breka ya 32 juu ya 2.5. Ni urithi wa Waingereza wa baada ya Vita Kuu ya Pili, walipotaka kuokoa shaba, na plagi yetu ya pini tatu bapa yenye fyuzi ndani ilizaliwa na mfumo huo.

Njia ya tatu ni tawi la waya wa 4 na breka ya 32, au 25 kama bomba linapita kwenye joto.

Kwenye karatasi pete inashinda: shaba kidogo, ampea nyingi. Shida yake ni kwamba ikikatika sehemu moja haimwambii mtu. Skrubu ya soketi ikilegea, waya ukachomoka, soketi zote zinaendelea kuwaka kama kawaida kwa sababu upande wa pili bado mzima. Kuanzia siku hiyo una tawi la 2.5 lenye breka ya 32, na hakuna taa nyekundu itakayowaka popote. Halafu kuna pete ambazo hazijawahi kuwa pete: fundi aliishiwa waya kwenye soketi ya mwisho, akaona "inawaka", akafunga kifuniko.

Kuhakiki si kazi kubwa kwa fundi mwenye multimita. Umeme uzimwe, laivu mbili za pete, nyaya zinazoleta umeme, zichomolewe kwenye breka, zipimwe baina yake. Pete ya mita 50 za shaba ya 2.5 inatoa takriban omu 0.37. Ukipata omu kadhaa, kuna kiungo kibovu. Multimita isiposoma kitu, hiyo si pete, na breka ishuke mpaka 20 siku hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo mimi napendelea matawi ya 2.5 na breka za 20, mengi kadiri nyumba inavyohitaji, kuliko pete moja kubwa. Vyumba vya kulala tawi moja, sebule tawi moja. Jikoni ndiko pa kutazama kwa makini. Birika wati 2,200, presha kuka ya umeme 1,000, maikrowevu inayovuta 1,200, friji 150: jumla 4,550, ampea 19.8. Breka ya 20 imejaa. Ongeza kikaangio cha hewa cha wati 1,500 unapata ampea 26, na hapo 20 inaweza kukata katikati ya upishi.

Chaguo ni tawi moja la 4 au matawi mawili ya 2.5. Matawi mawili yanakula shaba zaidi kwa robo, lakini yanakupa breka mbili za 20 badala ya moja ya 25 au 32, na birika likileta shoti, friji inabaki inafanya kazi. Sharti lake ni kila tawi lipite bomba lake. Ukiyaweka pamoja darini, uwezo wa kila moja unashuka mpaka ampea 16.7 na breka inabidi iwe 16. Faida yote imepotea kwa ajili ya kuokoa bomba moja.

Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinavuta ampea tano hivi. Kipe tawi lake la 2.5 na breka ya C16 (herufi nitaieleza kwenye pampu), usonge mbele.

Jiko la umeme: usihesabu kama kila plati inawaka

Jiko lenye oveni la wati 8,000 kwa hesabu ya moja kwa moja ni ampea 34.8, na mtu anakimbilia breka ya 40 na waya wa 10. Hakuna anayewasha plati zote na oveni kwa nguvu ya juu kwa pamoja na kwa muda mrefu. Kanuni ya jiko la nyumbani inachukua ampea 10 za kwanza zote, asilimia 30 ya zinazobaki, na 5 zaidi kama swichi ya jiko ina soketi yake. Hapo unapata 22.4. Waya wa 6 na breka ya 32 vinatosha vizuri, hata darini. Hesabu hii ni ya nyumba. Mama lishe au mkahawa unaopika kutwa hauna haki ya punguzo hilo.

Hita ya bafuni: 4, 6 au 10?

Hapa ndipo nyumba nyingi za Nairobi, Arusha na Mbeya zinapokosea, kwa sababu hita ya kuchemshia maji papo hapo haina punguzo lolote. Ikiwaka, inavuta zote.

Chukua hita iliyoandikwa wati 5,500, volti 220. Fundi anagawanya: ampea 25, breka ya 25, waya wa 4, kazi imekwisha. Lakini ile lebo ni ya volti 220, na ukutani mna 230 au 240. Koili ya hita haibadiliki; volti zikipanda, ampea zinapanda nazo. Upinzani wa koili hiyo ni omu 8.8, kwa hiyo kwenye 230 inavuta ampea 26.1, na kwenye 240 inavuta 27.3, sawa na wati 6,500 na ushee. Breka ya 25 imeshazidiwa. Haitakata upesi, maana haijafika mara 1.13, lakini itakaa kwenye joto kila asubuhi, na siku nyumba ina wageni wanaooga kwa kupokezana, DB yenyewe ikiwa ya moto, inaweza kukata wa nne akiwa na sabuni machoni. Hapo ndipo mtu anaenda kununua ya 40 na kuifunga juu ya waya ule ule wa 4.

Jozi sahihi ni breka ya 32. Waya wa 4 unabeba 32 kamili kwenye joto la 30 ukiwa peke yake, bila akiba hata kidogo, na darini unashuka mpaka 27.8. Waya wa 6 darini unabeba 35.7. Kwa hita hii ni wa 6, na sioni sababu ya kubishana kwa ajili ya mita kumi na tano za waya.

Ya wati 7,500 kwenye 220 inavuta karibu ampea 36 kwenye 230 na 37 kwenye 240. Breka inakuwa 40. Waya wa 6 unabeba 41 ukiwa peke yake mahali pa baridi, lakini darini 35.7, haufiki. Hapa ni wa 10. Kabla ya kununua hita kubwa ya namna hii uliza waya gani umeshalazwa. Kubadilisha waya ndani ya ukuta wenye vigae kunaweza kukugharimu kuliko hita yenyewe. Kama ulipo ni wa 4, nunua hita ndogo zaidi.

Hita yoyote iwe na breka yake peke yake, swichi inayokata laivu na nyutro (waya wa kurudi) kwa pamoja, na isifungwe bila kinga ya umeme unaovuja, ambayo nitaieleza.

Pampu ya kisima: umbali na mwamko

Pampu ya nguvu ya farasi moja ni wati 746 zinazotoka kwenye shafti. Zinazoingia ni nyingi zaidi, na ampea zake ziko kwenye kibao cha mota, mara nyingi kati ya 5 na 7. Tuseme 6. Kwa uwezo wa kubeba, 1.5 inatosha na kubaki. Sasa weka kisima mita 60 kutoka kwenye nyumba.

Volti zinazopotea zinatokana na ampea, urefu na unene. Safu ya mwisho ya jedwali imeshajumuisha kwenda na kurudi, usizidishe tena kwa mbili. Waya wa 1.5 unapoteza volti 10.4 kwenye ampea 6 na mita 60. Waya wa 2.5 unapoteza 6.5, wa 4 karibu 4. Kikomo cha kanuni ni asilimia 5 kwa mizigo ya kawaida, yaani volti 11.5 kwenye 230, na asilimia 3 kwa taa. Kwa hiyo hata 1.5 inapita mtihani, kwa karatasi.

Mota ikiamka, hata hivyo, inavuta mara tano mpaka saba ya ampea zake za kawaida kwa sekunde chache. Chukua 36. Kwa makadirio ya upande mkali, wa 1.5 unakula volti 63, wa 2.5 unakula 39, wa 4 unakula 24. Na jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha, nyumba iliyo mwisho wa laini haipati 230. Pengine ina 205. Ukitoa 63 pampu inabaki na 142, inanguruma bila kuzunguka, na koili zinapika. Watu husema pampu ilikuwa feki. Kwa mita 60 mimi naweka wa 4 na sioni ni anasa. Kwa mita 20 naweka wa 2.5. Ukifukiwa chini uwe kebo ya ardhini, si waya wa ukutani uliovutwa ndani ya bomba la maji.

Mwamko huo ndio unaoamua herufi ya breka. B10, C10 na D10 zote ni breka za ampea 10, na zote zinavumilia mzigo uliozidi kidogo kwa namna moja. Zinatofautiana kwenye kukata papo hapo: B inakata kati ya mara 3 na 5 ya namba yake, C kati ya 5 na 10, D kati ya 10 na 20. Pampu yetu ikiamka na 36 mpaka 42, B10 inaweza kukata kila asubuhi, kwa kuwa eneo lake linaanzia 30. C10 inaanzia 50, inapita salama. Dukani wengi wanauza C tu, na kwa friji, pampu na viyoyozi ni sawa. B inafaa zaidi kwa hita, jiko na taa za kawaida, hasa waya ukiwa mrefu.

D ni ya mashine za kuchomelea na mota nzito. Usishawishike kuitumia ili "isisumbue". Angalia: waya wa 1.5 wa mita 60, kwenda na kurudi, una upinzani wa omu 1.45 ukiwa baridi. Shoti kamili ikitokea kule mwisho, laivu ikagusa nyutro, haiwezi kupita ampea 158, na kwa kweli zitakuwa pungufu kwa sababu laini ya mtaani nayo ina upinzani wake. D10 inaweza kuhitaji mpaka 200 ili ikate mara moja. Shoti ipo, breka ipo, na sekunde zinapita huku waya unawaka.

Breka na RCCB

Breka bora, iliyooanishwa vizuri na waya, haimlindi mtu asipigwe shoti. Nyumba yenye ethi yake ya rodi iliyochimbiwa uani, na udongo ambao umetoa omu 20, laivu ikigusa bodi ya friji itapitisha ampea 11.5 kwenda ardhini: 230 kugawa kwa 20. Breka ya 16 inauona huo ni mzigo mdogo. Haikati kamwe, na bodi ya friji inabaki na umeme mpaka mtu aiguse.

RCCB, ile kinga ya umeme unaovuja niliyoitaja kwenye hita, ni kile kifaa kipana chenye kitufe cha T. Kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30 kinakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ila chenyewe hakihesabu mzigo. Ile 63 iliyoandikwa juu yake ni ampea kinazoweza kupitisha bila kuungua. Ukizidisha mzigo, chenyewe hakitakata. Vinahitajiana. RCBO ni vyote viwili kwenye mwili mmoja, kwa bei ya juu.

RCCB moja kwa nyumba nzima ni rahisi, na pia ndiyo inayozima friji, taa na kila kitu kwa sababu soketi ya nje imeingia mvua. Ningegawa: RCCB mbili, au RCBO kwa hita, pampu na soketi za nje, na RCCB moja kwa zilizobaki. Nyutro za kila kundi zikae kwenye reli yake. Fundi akizichanganya itakata bila sababu inayoonekana, na utaambiwa kifaa ni kibovu.

Waya wenyewe: shaba au rangi ya shaba?

Hesabu zote hapo juu ni za shaba halisi. Kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba kwa juu, unang'aa vizuri, bei yake inavutia. Aluminiamu ina upinzani mara 1.6 ya shaba kwa unene ule ule, na inalegea kwenye skrubu kadiri inavyopata joto na kupoa.

Kata kipande, vua ganda, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, rudisha roli. Hesabu nyuzi: waya wa 2.5 wa nyuzi saba, kila uzi una kipenyo cha milimita 0.67. Wenye 0.55 si wa 2.5 hata kama roli limeandikwa hivyo. Kisha weka roli kwenye mizani: mita 100 za 2.5 zina shaba kilo 2.2 kabla hujahesabu ganda, kwa hiyo roli zima haliwezi kuwa kilo mbili. Mwenye multimita ashike ncha mbili za roli: shaba nzuri inatoa karibu omu 0.74, ukishatoa upinzani wa nyaya za multimita yenyewe. Soma pia kama roli ni mita 100 au yadi 100, ambazo ni mita 91. Hapo omu ni 0.68 na shaba ni kilo mbili.

Kwenye breka tazama uso wake: herufi na namba, tuseme C20, na ndani ya kijisanduku 3000, 4500 au 6000. Hiyo ni ampea za shoti ambazo breka inaweza kukata bila kupasuka. Nyumba iliyo karibu na transfoma ipewe 6000 au zaidi.

Kama nyumba imeshajengwa

Huna haja ya kubomoa. Fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania Bara au EPRA kwa Kenya, azime mein swichi, afungue DB, aangalie waya gani unaingia breka gani. Akumbuke nyaya zinazotoka kwenye mita kuja kwenye mein swichi bado zina umeme. Kila tawi la 2.5 lililokutwa na breka ya 32 lipewe ya 20. Ni kifaa kimoja cha bei ndogo na kazi ya dakika chache. Akiwa hapo akaze skrubu zote, maana kiungo kilicholegea kinaungua hata kama waya na breka vimeoana.

Ile 20 ikianza kukata kila jioni, iache. Tafuta kinachovuta zaidi kwenye tawi hilo, mara nyingi ni birika au jiko la plati moja lililochomekwa sebuleni, ukipe waya wake kutoka kwenye DB. Na kama kimechomekwa kwenye ekstensheni, pima waya wa ekstensheni hiyo kwanza: nyingi ni za 0.75, ambazo uwezo wake ni ampea 6, na birika peke yake linavuta karibu 10.